Saa 15 mbele ya pazia

Nairobi hadi New York bila kutua, daraja la biashara na daraja la kawaida, mke na mume. Nani akae mbele?

Kuna pazia kwenye kila ndege kubwa ya kwenda mbali. Ni kitambaa tu, hakina kufuli wala mlinzi. Ndege ikishapaa na taa ya mkanda kuzimwa, mhudumu analivuta taratibu, na kuanzia hapo abiria walioingia kwa mlango mmoja wanakuwa katika safari mbili tofauti. Walio mbele wanaweza kuja nyuma wakitaka. Walio nyuma wakijaribu kwenda mbele wanarudishwa, kwa tabasamu zuri sana, lakini wanarudishwa.

Watu wengi wakisikia daraja la biashara wanawaza shampeni. Ni kweli shampeni ipo, na taulo ya moto ipo, na kile kipochi chenye soksi na mswaki ambacho kila mtu anajifanya hakijali kisha anakitia kwenye begi. Lakini tukisema ukweli, kinachouzwa pale mbele ni usingizi. Hayo mengine ni mapambo.

Na usingizi wenyewe si wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika yalipoanza kutenga sehemu ya wafanyabiashara (Qantas ya Australia ilianzisha ya kwake mwaka 1979), wazo lilikuwa dogo: aliyelipa nauli kamili asikae bega kwa bega na mtalii aliyepata tiketi ya bei poa. Ulipewa utulivu kidogo na kiti kinachoegemea zaidi. Mwaka 2000 British Airways wakaleta katika daraja hilo kiti kinacholala sawasawa kabisa, kitanda hasa, na tangu hapo shirika lisilokuwa nacho kwenye safari ndefu linaonekana limepitwa na wakati.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunayo safari moja inayokipa kitanda hicho maana. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways walianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Ni karibu kilomita 11,800, saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi, kwa sababu ukirudi upepo mkali wa juu unakusukuma kutoka nyuma. Kama hujui saa 15 ni kitu gani, panda basi la Dar kwenda Mwanza. Sasa ondoa vituo vya kushuka kula mishikaki na kunyoosha miguu. Ndiyo hiyo.

Ndege yao ni Boeing 787-8 yenye viti 234. Vya nyuma ni 204, vimepangwa vitatu vitatu. Vya mbele ni 30 tu, viwili viwili. Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta mjadala nyumbani kwetu.

Ofisi ya mume wangu ilikuwa inampeleka New York kwa mkutano mwezi Novemba, na sera yao inasema safari ikizidi masaa kadhaa mfanyakazi anakaa daraja la biashara. Mimi nilikuwa na likizo. Tukasema twende wote, tuunganishe na siku nne za kwetu wenyewe, maana tangu fungate hatujawahi kutoka pamoja zaidi ya wikiendi ya Bagamoyo. Tiketi yangu ingetoka mfukoni kwetu. Na mfuko wetu, mpenzi msomaji, ulikuwa unajua kusoma neno moja tu: ekonomi.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Je, ofisi haiwezi kuvunja tiketi moja ya mbele iwe mbili za nyuma? Haiwezi, ofisi nyingi hazitaki kusikia habari hiyo. Je, tunaweza kubadilishana viti njiani, yeye saa saba, mimi saa saba? Tiketi ni ya jina, na wahudumu hawapendi mchezo wa aina hiyo hata kidogo. Je, yeye akatae kiti chake aje kukaa na mimi nyuma? Hili nililisubiri aliseme mwenyewe. Alilisema siku ya tatu, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

Nilimkatalia. Mkutano wake ulikuwa saa nne asubuhi ile ile ya kutua. Mtu aliyekaa wima usiku kucha halafu anakwenda kutetea bajeti mbele ya wazungu waliolala vitandani mwao anaonewa. Tukakubaliana: kwenda, yeye alale. Kurudi, tutumie pointi zake zote za safari alizozikusanya miaka mitano kunipandisha mimi mbele. Mama mkwe alipoambiwa akacheka, akasema zamani wanandoa walikuwa wanagombania mahari, siku hizi wanagombania kiti.

Safari ya kwenda ina jambo moja la ajabu ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo. Unaondoka Nairobi usiku, na kwa kuwa unakimbilia magharibi, usiku nao unakwenda na wewe. Unavuka Sahara gizani, unavuka Atlantiki gizani, unatua asubuhi New York jua likiwa ndiyo kwanza linajiandaa. Mwezi Novemba tofauti ya saa ni nane. Ni usiku wa saa 15, na katika huo usiku wenye kitanda na wasio nacho si watu wamoja.

Nyuma nilikuwa kiti cha katikati ya safu ya watu watatu. Jirani wa kulia alikuwa mama wa Kikenya anayekwenda kumwona mjukuu, na tuliongea mpaka tukawa ndugu. Chakula kilikuwa cha moto, filamu zilikuwa nyingi. Tatizo la nyuma halina uhusiano na huduma. Ni goti. Ni shingo. Ni ile saa ya tisa ya safari ambapo umeshalala kwa vipande vya dakika ishirini ishirini, unaangalia ramani kwenye kioo, na kale kandege hakajasogea. Madaktari wanashauri usimame utembee kila baada ya muda, maana damu ikikaa miguuni bila kusukumwa inaweza kuganda. Mimi nilitembea mpaka nikawajua watoto wote wa safu za nyuma kwa majina.

Katikati ya usiku mume wangu akatokea. Amevaa soksi za bure, shavu lina alama ya mto. Tukasimama kule nyuma karibu na jiko la ndege, mahali ambapo wasiolala wote hukutana, mhudumu akatupa maji na biskuti. Tukaongea karibu nusu saa. Tuliongea kuhusu mtoto, kama tuanze kumtafuta au tusubiri nyumba iishe, jambo ambalo nyumbani tulikuwa tunalipitia juu juu kila likitajwa. Sijui ni giza, sijui ni ule mngurumo unaofanya watu wasogeleane ndipo wasikilizane. Halafu akapiga miayo, akaomba radhi, akarudi kitandani kwake. Pazia likafunga.

Nisiseme uongo, nilimwonea wivu. Na wivu huo ulikuwa na gharama: tulipotua yeye aliosha uso akaenda kazini kama mtu aliyetoka nyumbani. Mimi nilifika hotelini nikalala mpaka saa mbili usiku, nikaamka saa nane usiku nikiwa macho kama bundi. Siku nne zetu zikawa tatu. Kama mnapanga safari ya mahaba ya siku chache ng'ambo ya Atlantiki, hiyo siku moja iwekeni kwenye bajeti kabla hamjaanza kusema tiketi ya nyuma ni rahisi.

(Kwenye foleni ya uhamiaji, kwa taarifa yenu, hakuna mbele wala nyuma. Wa mbele wanatangulia kutoka kwenye ndege, mabegi yao yanatangulia kutoka, lakini afisa wa Marekani hajali ulikaa wapi. Mume wangu alinisubiri pale kwenye foleni, na tulisogea pamoja.)

Kurudi tuliondoka mchana, sote mbele. Tulipewa viti viwili vya katikati, na hapa kuna jambo la kuzingatia. Wasafiri wa peke yao hawaupendi mpangilio huu wa viti viwili viwili, kwa sababu wa dirishani analazimika kumruka jirani aliyelala ili aende chooni. Mashirika mengi sasa yanaweka kiti kimoja kimoja chenye njia yake, vingine vina ukuta na mlango. Kwa mtu wa biashara ni raha. Kwa wapenzi ni kama kukodi vyumba viwili hotelini. Qatar Airways waliliona hilo. Kwenye vyumba vyao vya Qsuite walivyozindua mwaka 2017, baadhi ya viti vya katikati vinaunganishwa kuwa kitanda cha watu wawili. Sisi hatukuwa na mambo makubwa hayo. Tulikuwa na viti viwili jirani, na vilitutosha.

Meza inatandikwa kitambaa. Chakula kinakuja kimoja kimoja, kwa sahani za udongo na uma wa chuma, na unaulizwa jina lako. Usitegemee ladha ya miujiza, ingawa mpishi hana kosa. Juu kule hewa ni kavu na kelele ni nyingi, na ulimi unapunguza kuhisi chumvi na sukari. Ndiyo maana watu wasiogusa juisi ya nyanya nchi kavu wanaiagiza angani. Ladha yake inastahimili. Mvinyo nao onja, usishindane nao. Bilauri mbili katika hewa ile kavu zinakuachia kichwa kizito na usingizi wa mang'amung'amu, na usingizi ndio uliolipiwa.

Jambo jingine la 787 ni hewa yenyewe. Ndege nyingi za zamani hubana hewa ya ndani mpaka ifanane na mlima wa mita 2,400. Hii hubana mpaka kama mita 1,800, ambayo ni kama uko Nairobi mjini. Na hiyo wanapata wote, wa mbele na wa nyuma. Madirisha hayana vifuniko. Unabonyeza kitufe, kioo kinageuka buluu ya giza, na mchana wa nje unaonekana kama uko chini ya maji.

Nikabonyeza kitufe kingine, kiti kikaanza kushuka. Mgongo ukalala, miguu ikalala, nikajifunika. Sijui nieleze vipi. Kwa mtu aliyekaa wima wiki moja kabla, ni karibu kulia. Nilimgeukia mume wangu nimwambie, tuendelee na ule mjadala wetu wa jikoni. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Nilimtazama kidogo, nikazima taa.

Tuliamka zikiwa zimebaki saa tatu. Katika saa 14 tulizolala jirani tuliongea labda dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za kuulizana chumvi. Ndiyo hali ya mbele: kuna kila kitu isipokuwa sababu ya kusimama na kukutana na mtu. Bado ningekichagua kitanda, tena bila kufikiri. Lakini anayewaambia wenye fungate kwamba daraja la biashara ni mahali pa mahaba anauza tiketi.

Kwa hiyo pesa ikiwa ya kwenu, itumieni pale inapofanya kazi. Dar hadi Dubai mchana, saa tano na nusu, kaeni nyuma mle vizuri Dubai. Usiku wa saa 15, kama kuna pointi, zitumieni; kama shirika linaruhusu kutoa ofa ya kupandishwa daraja siku chache kabla, toeni, msione aibu kuanza na kiasi kidogo. Pointi zikitosha mmoja, kaeni mezani mjadiliane nani ana kazi asubuhi ya kutua, na huyo apewe bila manung'uniko. Mjadiliane nyumbani, siyo kwenye kaunta ya uwanja wa ndege huku watu nyuma yenu wanasukuma mabegi. Na aliyepata kitanda aamke mara moja usiku aje nyuma.

Kutoka Nairobi kuja Dar tulikuwa kwenye ndege ndogo, kila mtu na uchovu wake. Chagueni upande wa kulia. Dakika chache baada ya kupaa, mawingu yakiwa na huruma, Kilimanjaro inapita dirishani na theluji yake iliyobaki. Dirisha nilikuwa nalo mimi. Nikaegemea nyuma ili naye aone, na akiwa ameinama juu yangu hivyo, akaniuliza kama nimeshafikiria kuhusu yale mazungumzo ya kule nyuma.