Vita visivyo na sababu

Nilikuwa kimya kidogo. Nilikwenda Ihanja kumsalimia babu, baada ya mhariri kunipa siku nne tu.

Jioni, alizeti zikiwa zimeshaanuliwa, nikafungua kompyuta nicheze Far Cry 2, gemu la mwaka 2008 ambalo sijaliacha mpaka leo. Ni nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Makundi mawili, UFLL na APR, yanapigana. Wewe ni mamluki uliyetumwa kumuua muuza silaha aitwaye Jackal, yaani Mbweha, aliyeziuzia bunduki pande zote mbili.

Babu akavuta kigoda. Huyu ni mgambo wa zamani, alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978. Rafiki yake wa hapa hapa Ihanja hakurudi. Akatazama weee, kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, hawa wanagombania nini?"

Nikakwama. Hawa wanajiita wakombozi, wale nao wanajiita watetezi wa umma. Leo nawafanyia kazi hawa, kesho wale, na wote wananilipa almasi.

"Na wenye nyumba wako wapi?"

Nikamwambia wamejificha. Ukiwapelekea hati za kusafiria, wanakupa dawa ya malaria. Babu akacheka. "Malaria tu ndiyo ya kweli humo!"

Siku zote niliamini watunzi walikuwa wavivu: nchi haina jina, watu wanauana basi tu, si ni Afrika? Bado nawalaumu kwa hilo. Lakini babu akanikumbusha hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978. Nyerere alitaja vitu vitatu: uwezo, sababu na nia.

"Hao wa kwako uwezo wanao, nia wanayo. Sababu anayo aliyewauzia bunduki."

Kumbe lile pengo ndilo hadithi yenyewe. Muuza silaha anahitaji vita viendelee, hahitaji mshindi.

Usingizi haukuja haraka. Kabla ya safari niliandika habari ya mapigano ya mashariki mwa Kongo. Aya sita. Majina ya makundi yalikuwepo, aina za silaha zilikuwepo. Sababu haikuwemo, wala wenye nyumba. Ilitoka gazetini kama ilivyo, na hakuna aliyeniuliza.

Babu anajua rafiki yake alifia nini. Msomaji wangu je, nilimwambia wale wa Kongo wanafia nini?