Jina Alilolitoa Mwenye Shoka

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Hawakueleza jina baya hufanya nini linapobandikwa asiye na hatia. Mti uitwao kisayansi Celtis africana ni mfano mwafaka.

Mti huu umeenea kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na humea pia katika misitu ya nyanda za juu za Kenya. Gome lake ni laini, la rangi ya kijivu iliyopauka. Jani lake halimpotezi anayelijua: mishipa mikuu mitatu huanzia pamoja kwenye kitako cha jani, kitako chenyewe kimekwenda upande, na kingo zina meno sehemu ya juu tu. Msituni mti huu waweza kupita mita 25. Penye miamba hudumaa ukawa kichaka. Kule kusini hupukutisha majani yake wakati wa baridi. Baridi ikiisha, machipukizi hutokea pamoja na viua vidogo vya kijani. Matunda yake madogo ya mviringo, yaning'iniayo kwa vikonyo vyembamba, ni karamu ya ndege.

Licha ya sifa zote hizo, wasemaji wa Kiafrikana waliuita witstinkhout, yaani mti mweupe unaonuka. Kisa na maana? Mbao zake hutoa harufu mbaya zinapokatwa zikiwa mbichi. Fauka ya hayo, jina lenyewe ni la kuazima. Stinkhout hasa ni Ocotea bullata, mti wa familia moja na mparachichi, usio na udugu wa karibu na huu.

Ama kwa hakika, mti uliosimama haunuki. Jina hili alilitoa mwenye shoka, tena siku ya kukata. Laiti ndege wangeulizwa, wangeutaja kwa matunda. Msafiri angeutaja kwa kivuli.

Hapa pana funzo kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili. Mfasiri akilichukua jina hilo na kulitafsiri neno kwa neno, atakuwa ameihamishia Kenya kashfa ya ugenini, ilhali jamii zinazopakana na misitu hiyo zina majina yao wenyewe ya mti huu. Kabla ya kufungua kamusi ya kigeni, basi, na aende kwanza kuwauliza wanaoketi kivulini mwake.