Kihamba na Wanaorejea

Kihamba, yaani shamba la nyumbani ambalo koo za Wachagga hulirithishana katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, husifiwa siku hizi na wastaafu wa Dar es Salaam na Arusha kana kwamba tangu asili kilikuwa mahali pa kupumzikia, ilhali kwa waliokulia humo kabla ya miaka ya 1980 ni vigumu kutaja ardhi iliyodai jasho zaidi. Kwa kawaida eneo lake halifiki hekta 1, na ndani yake mimea hupandana kwa tabaka: miti mirefu ya kivuli juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, kisha magimbi na mboga, huku ng'ombe wachache wakifugwa bandani ili samadi yao irutubishe migomba.

Katika kumbukumbu za mwandishi wa makala haya, aliyelelewa kwenye kihamba cha babu yake, kazi iliyotawala siku haikuwa kulima bali kutafuta majani ya ng'ombe hao, ambayo wanawake waliyafuata hadi tambarare na kuyapandisha mlimani wakiwa wameyabeba kichwani; rutuba yote inayosimuliwa ilipitia shingoni mwao, jambo ambalo wasimulizi wa kiume hupenda kuliruka. Maji nayo yaliletwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kutoka mtoni kufuata mkunjo wa mlima, na kila kaya iliyokunywa humo ilipaswa kutoa mtu siku ya kuuzibua.

Fedha ililetwa na kahawa, zao lililoingizwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na kuimarishwa na chama cha ushirika cha KNCU kuanzia miaka ya 1930. Kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule, na shule, kwa kejeli ambayo wazazi hawakuiona mapema, ndiyo iliyowaondoa watoto mlimani, akiwemo mara nyingi kitinda mimba wa kiume ambaye kwa mila ndiye aliyepaswa kubaki na kurithi nyumba ya wazazi. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi, ulilazimisha kupiga dawa mara kwa mara, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo uliokuwa ukiikinga bei ulipoporomoka mwaka 1989, wengi waliacha mibuni izeeke au waliing'oa.

Tangu hapo mkondo wa fedha umegeuka, kwa kuwa kihamba kilichokuwa kikiugharimia mji kwa kusomesha wafanyakazi wake sasa hugharimiwa na mji huohuo. Anayerejea baada ya kustaafu hujenga nyumba ya matofali palipokuwa na migomba, huajiri kijana wa kukata majani, mara nyingi kutoka mkoa mwingine, na hununua ng'ombe wa maziwa ambaye hesabu yake, ikipigwa kwa uaminifu, huenda isilipe hata pumba anazokula. Hakuna aibu katika hilo, na kwa hakika vihamba kadhaa vingekuwa vichaka kama si pensheni hizo; lakini wepesi wa maisha anaoufurahia umenunuliwa, na bibi yake hakuwahi kuuona.

Palipo na tofauti kubwa zaidi ni kwenye mfongo. Aliyevuta maji ya bomba hadi jikoni haoni sababu ya kushuka na jembe siku ya kuzibua, na kwa kuwa anaweza kulipa faini ya utoro bila kuumia, adhabu iliyokuwa ikiwakusanya majirani imegeuka ada ya kubaki nyumbani, ilhali tope la mfereji huachiwa wachache ambao hawajawahi kuondoka.