Njaa ikifika sifuri, nini kitokee?

Leo tuache seva kidogo tuongee kuhusu mbwa.

Michezo ya kufuga wanyama si mipya. Tamagotchi ya mwaka 1996 ilikufa ukiisahau. Neopets, iliyoanza 1999, ilifanya kinyume: mnyama anaweza kushinda na njaa miezi, hali yake ikaandikwa kwamba yu karibu kufa, lakini hafi ng'o. Kwetu sisi waandishi wa programu, tofauti ya hizo mbili ni mistari michache tu. Aliyeiandika ndiye aliyeamua.

Halafu kuna To the Rescue! ya mwaka 2021, ambapo unaendesha makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Unalisha, unasafisha vizimba, unatibu, unamtafutia kila mmoja mtu wa kumchukua. Wapya hawaishi kuletwa, na nafasi ikikosekana kuna sindano. Waundaji wameweka swichi: usipotaka kuiona hiyo sindano, izime.

Mimi sikuizima. (Dada yangu ananiona katili.) Kuna mbwa mmoja mkubwa, sura haivutii, mara kwa mara mgonjwa. Kila mgeni akija namtanguliza yeye, na kila mgeni anaondoka na mwingine. Najua ni namba tu kwenye memori. Lakini kule Karen, kwa KSPCA, kuna mbwa wanaosubiri watu na hawana swichi. Jumamosi nataka kwenda kuwaona, na kamba nishanunua.