Kaiija: Mahali pa Wahunzi

Uwe unatoka Muleba au Bukoba mjini, fika Maruku. Uliza kijiji cha Katuruka. Hapo pana mahali patakatifu pa kale, paitwapo Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma.

Wahaya wa zamani waliabudu Bachwezi. Mugasha alikuwa wa ziwa na dhoruba. Mtu aliyepandwa na roho, yaani embandwa, alisema kwa sauti ya roho hiyo.

Kaiija palikuwa na mti mkubwa. Wazee walisimulia kuwa Mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka. Labda unacheka. Lakini mwaka 1970 mtaalamu Peter Schmidt, Mmarekani, aliwasikiliza wazee hao, akachimba. Alikuta mabaki ya uhunzi na makaa. Makaa yalipimwa: umri wake ni zaidi ya miaka 2,000! Bila wazee, angechimba wapi?

Mti ule haupo tena. Wanakijiji walikusanya masimulizi ya wazee wao, wakajenga upya nyumba ya kumkumbuka mfalme. Ukifika, tafuta mwenyeji akuongoze. Akikupa kahawa ya kutafuna, pokea.