Udongo Uliopita Motoni Mara Mbili

Wafinyanzi wa pwani wamejua tangu kale kwamba udongo laini mno si udongo mwema. Hushikika vizuri mkononi na hukubali kila umbo, lakini uanzapo kukauka hujikunyata na kupasuka. Dawa yake ni kuuchanganya na kitu kisichosinyaa: mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikapondwa kinuni. Unga wa vigae ni udongo uliokwisha onja moto, nao haurudi tena katika ulaini wake wa kwanza.

Nyumbani kwetu jambo hili halikuwa na uzito hadi miaka miwili iliyopita. Mama alikuwa akichimba kando ya kijito udongo wenye mchanga wake wa asili, akifinyanga vyungu na vyetezo. Kisha shamba lile likauzwa na kuzungushiwa ukuta. Udongo tulioupata kwingine ulikuwa mnono kama samli. Katika kila vyetezo kumi, vitano au sita vilipasuka kivulini kabla ya kuona moto. Na vyetezo hivyo ndivyo vinavyolipa karo ya wajukuu wawili. Tena harusi za baada ya Idi zilikuwa zimekaribia. Mama akaanza kusema kwamba huenda kazi imemkataa. Sisi wanawe hatukuwa radhi kuiona ikifa kwa kukosa mchanga.

Majirani walitushauri tuchote mchanga wa ufuoni, ambao hauna bei. Mama alikataa, na hoja yake ilikuwa ya kitaalamu ingawa hakuisoma popote. Mchanga huo umejaa chembe za matumbawe na makombe. Moto ukipita nyuzi 800 na ushei, chembe hizo hugeuka chokaa isiyozimwa. Chungu kikishatoka jokoni, chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na baada ya siku chache ubavu wa chungu hubanduka vipande. Ni chokaa ya asili ile ile iliyojengea nyumba za mawe za Lamu na Mombasa: njema ukutani, mbaya chunguni.

Vigae vya zamani navyo havikutosha. Basi tukaazimia kuchoma udongo wenyewe kwa makusudi, katika joko dogo la matofali lililo uani.

Kwanza tuliuanika udongo hadi ukakauka kabisa, tukauvunja mabonge madogo kama ndimu, tukayapanga katika mabakuli ya udongo yasiyopakwa rangi. Bonge lenye unyevu hulipuka, kwa hiyo moto wa mwanzo ulikuwa wa kuni chache tu. Kila mara tulisogeza kipande cha kioo kwenye tundu la juu. Kikifanya ukungu, tulijua maji bado yanatoka.

Lakini maji ya udongo ni ya namna mbili. Yako yale yaliyouloweka, ambayo huondoka joto lifikapo nyuzi 100 hivi. Yako na mengine yaliyofungamana na udongo wenyewe, ambayo hayatoki mpaka kati ya nyuzi 450 na 600. Kaolini safi, udongo mweupe wa aina inayopatikana katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, hupoteza hapo gramu 14 hivi katika kila gramu 100. Maji hayo yakishatoka, udongo haufinyangiki tena, hata ukilowekwa mwaka mzima.

Tuliwasha joko baada ya Alasiri ili giza litusaidie kusoma moto. Baada ya Magharibi tuliongeza vifuu, navyo vina moto mkali. Mabakuli yalipong'aa wekundu hafifu, dalili ya nyuzi 700 hivi, tuliudumisha moto huo kwa saa moja, kisha tukaliziba joko lipoe hadi asubuhi.

Kipimo cha kufuzu ni rahisi: tumbukiza bonge katika maji. Likiyeyuka kuwa tope, halijaiva. Yetu yalikaa chini ya ndoo, magumu na mekundu, maji yakibaki meupe.

Katika kuponda tuliwakataza watoto wasikaribie, na kinuni tulitia maji kidogo. Vumbi la udongo mkavu lina chembe za silika, ambazo zikivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Kisha tulichekecha kwa wavu wa kuzuia mbu, tukachanganya sehemu moja ya unga huo na nne za udongo mbichi. Mama aliusokota kidoleni, akaomba uongezwe kidogo, na hapo akaketi kufinyanga.

Katika vyetezo kumi vya kwanza, kimoja ndicho kilichopasuka. Karo ya muhula ule ililipwa, alhamdulillahi, na Mama hasemi tena kwamba kazi imemkataa.

Vipimo tumevitia katika daftari: uzito kabla na baada ya moto, idadi ya vifuu, muda wa kila hatua. Daftari haliwezi kuandika alichokihisi Mama aliposokota udongo ule na kuomba uongezwe. Kwa hiyo kila Jumamosi mjukuu mmoja huketi kando yake, naye humpa udongo auguse kwanza kabla ya kumwambia lolote.