Kutoka Maralal Hata Ziwa Turkana kwa Land Rover Kongwe

Njia iendayo kutoka Maralal mpaka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ina urefu wa kilomita 230 hivi, nayo humteremsha msafiri kutoka nchi ya baridi na mitarakwa mpaka nchi ya mawe meusi na upepo. Maralal iko juu ya bahari kwa meta zipatazo 2,000, na ziwa liko kwenye meta 360 na ushei tu. Wasomaji wengi wajua kwamba Maralal ndipo Mzee Jomo Kenyatta alipowekwa mwaka 1961, kabla ya kuachiliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Lakini nia yangu hapa si kueleza habari za mji, bali habari za motokaa, maana katika njia hii mtu hawezi kuiona nchi ila kwa hisani ya injini, na injini nyingine ni wagumu wa hisani.

Yetu ilikuwa Land Rover ile ya namna ya tatu, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule vita vilikuwa vimekwisha karibuni na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, basi watengenezaji wakafanya bodi kwa alumini. Ndiyo sababu bodi za magari haya hazili kutu hata leo. Fremu iliyo chini, hata hivyo, ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya. Mkulima atakaye kununua Land Rover kuukuu asidanganywe na rangi. Achukue nyundo ndogo, alale chini, aigonge fremu toka mwanzo hata mwisho. Chuma kizima hulia, na chuma kilichooza hunung'unika.

Gari hili halikuwa chaguo letu. Gari jipya la idara lilikuwa limelala, na huko ziwani watoto walikuwa wakingoja chanjo. Tulikuwa watu watatu: dereva, ambaye sote tulimwita Mzee, muuguzi mmoja mwanamke, aliyekaa na sanduku la baridi miguuni pake, na mimi pamoja na daftari za hesabu. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Muuguzi alitwambia wazi kwamba barafu ile ataiamini kwa siku mbili, na siku ya tatu hataiamini.

Tena gari lilikuwa na ugonjwa uliojulikana. Kila lilipokwenda safari lilizimika baada ya mwendo wa nusu saa, likapumzika kidogo, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Karakana lilikopelekwa walibadili pampu ya petroli. Baadaye wakabadili koili. Kabureta ikafunguliwa na kusafishwa mara tatu. Kila mara walilijaribu kwa kuzunguka mji, likaenda vizuri, wakaandika kwamba limepona. Mwisho wakasema ni uzee. Mimi naona neno hilo la uzee, kwa motokaa kama kwa mwanadamu, mara nyingi husemwa na yule aliyechoka kutafuta.

Basi tukajaza tangi asubuhi mapema, tukaondoka. Tulipokwisha kupita Poror, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula na mtu huliona Bonde la Ufa chini yake kama atazamaye kutoka juu ya paa la dunia, injini ikaanza kukohoa, ikafa.

Mzee hakuchukua spana. Alikaa kwanza juu ya jiwe, akatuuliza: je, ilikufa ghafula au ilikufa kwa kusitasita? Tukasema kwa kusitasita. Akasema kwamba umeme ukikatika injini hufa mara moja kama taa, lakini injini yenye njaa hulia kwanza. Hata hivyo hakutegemea maneno yetu. Alichomoa waya wa plagi moja, akaushika kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, nami nikazungusha hendeli kwa mbele. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye nguvu. Kwa hiyo koili, pointi na waya zote zikaachiliwa huru kwa pamoja, wala hakuzigusa tena.

Kisha akafuata njia ya petroli. Pampu ya gari hili ina kikombe cha kioo chini yake, ambamo maji na takataka hutua. Akakitazama, kikawa safi. Akalegeza bomba liingialo katika kabureta, akaifanyisha pampu kazi kwa kile kijiti chake cha mkono. Petroli ikatoka kwa matone kama machozi. Hapo ndipo mafundi wa kwanza walipoiondoa pampu na kutia nyingine. Mzee alifikiri kwa njia nyingine: pampu hii ni mpya, basi kama haitoi, yumkini ni kwa sababu haipewi. Akazunguka ubavuni mwa gari, akashika kifuniko cha tangi, akakifungua polepole.

Tulisikia sauti, "fyuuu," ya hewa ikiingia ndani. Aliporudi kuichezesha pampu, petroli iliruka ikamlowesha mkono.

Kila mwenye duka auzaye mafuta ya kupikia kwa debe ajua jambo hili. Ukitoboa tundu moja, mafuta hutoka kidogo kisha husita. Ukitoboa la pili, humiminika, maana hewa imepata pa kuingilia. Kifuniko cha asili cha tangi lile kilikuwa kimepotea, na mtu alikuwa ametia kingine kilichoenea vizuri lakini hakina tundu la kupumulia. Kadiri pampu ilivyovuta petroli, ndivyo tangi lilivyobaki likinyonya bila kupewa hewa, mpaka pampu ikashindwa. Gari likisimama, hewa hupenya kidogo kidogo, ndiyo sababu liliwaka tena. Na kwa nini halikuzimika mjini? Kwa sababu pale karakana walilijaribu kwa mwendo mfupi, tena tangi likiwa na petroli chache na hewa nyingi juu yake. Sisi tulilijaza mpaka shingoni, na hewa iliyobaki ndani ilikuwa haba, ikaisha mapema. Pampu, koili na kabureta, vyote vililipiwa fedha za umma kwa ajili ya tundu lisilokuwapo.

Mzee alinipa kifuniko nikipeleke hatua ishirini mbali na gari, ndipo akaja akakitoboa juu ya jiwe kwa msumari mwembamba na nyundo. Hakutaka chuma kigongwe kando ya tangi lililo wazi, na katika jambo hilo hakuna mzaha. Akafunika tundu kwa kipande cha kitambaa cha pamba, vumbi lisiingie, akakifunga kwa uzi. Kazi yote, pamoja na kukaa juu ya jiwe, haikupita dakika arobaini.

Kutoka hapo njia ilikuwa mawe na makorongo, na tulipokaribia Baragoi, katika uwanda wa El Barta ambako Wasamburu na Waturkana huchunga mifugo yao, gari likaanza kuinama upande wa kushoto. Jani moja la springi ya mbele lilikuwa limekatika. Mzee alitwita tuangalie mahali palipokatika: nusu ilikuwa na kutu nyeusi, na nusu iling'aa kama fedha. Yaani ufa ule ulikuwapo muda mrefu kabla yetu, nasi tulikuwa tumemalizia tu. Akaniambia, "Kijana, likaguliwapo gari springi zioshwe kwanza. Tope huficha mengi."

Tukaingia Baragoi kwa mwendo wa punda, jua likitua. Springi ya kununua haikupatikana. Lakini mchinjaji alikuwa na ngozi mbichi ya ng'ombe aliyechinjwa siku ile, na mzee mmoja wa Kisamburu aliyeketi pale akaomba kisu, akaikata ngozi ile kwa kuizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka tukapata ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Sikuwa nimeona ufundi huo, nao wafaa kukumbukwa na kila mkulima ambaye hana kamba. Dereva akaliinua gari kwa jeki, akaweka vipande viwili vya mti mgumu, kimoja juu na kimoja chini ya jani lililokatika, akazungushia ukanda ule kwa nguvu zake zote. Usiku ngozi ikaanza kukauka, na asubuhi jua lilipoipiga ilikuwa imebana kama pingu.

Siku ya pili ilikuwa na uzuri wake. South Horr ni bonde lenye maji na miti mikubwa, chini ya Mlima Nyiru ambao Wasamburu huuheshimu sana, na mtu aliyetoka katika vumbi huona kana kwamba ameingia bustanini. Hatukukaa. Mbele yake nchi hufunguka, na huko Sarima husimama mitambo 365 ya umeme wa upepo, iliyofunguliwa rasmi mwezi wa Julai mwaka 2019. Ili kuifikisha pale, ilitengenezwa njia ya kilomita zipatazo 208 kutoka Laisamis. Mtu hajengi mitambo mingi namna ile mahali pasipo upepo, nasi tukaujua upepo huo kwa namna tusiyoitazamia. Mshale wa joto la injini ulianza kupanda.

Muuguzi akaweka mkono juu ya sanduku lake, hakusema neno. Mzee alisimamisha gari, akangoja mpaka rejeta ilipopoa, kwa maana kifuniko cha rejeta yenye moto kimewaunguza wengi nyuso. Maji yalikuwa yamejaa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Matundu ya rejeta hayakuzibwa na mbegu za nyasi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama juani: oili ilikuwa nyeusi, wala haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo ndiyo dalili ya maji kuingia katika injini. Basi hakuna kilichoharibika, na gari lachemka. Ndipo alipoinua leso yake hewani, na leso ikapepea kuelekea mbele, kule tulikokuwa tukienda.

Upepo wa nchi ile hutoka kusini mashariki, nasi tulikuwa tukienda kaskazini polepole, basi upepo ulikuwa ukitufukuza kwa mwendo uliopita mwendo wetu, na rejeta haikupata hewa. Dawa yake ilikuwa kuligeuza gari liuelekee upepo, injini ikinguruma taratibu. Kwa dakika kumi mshale ukashuka. Tukaendelea kwa gia ndogo ili feni izunguke kwa haraka, na kila tulipoona mshale wapanda tulifanya hivyo hivyo. Mara nne kwa jumla, mpaka tukaliona ziwa. Mwaka 1888 Teleki alilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na tangu mwaka 1975 laitwa Turkana. Siku ile lilikuwa la kijani kibichi, na mawimbi meupe.

Tulifika Loiyangalani magharibi imeingia. Muuguzi alifungua sanduku kabla hajanawa uso, akasoma kipimajoto kwa tochi: digrii 7. Asubuhi akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga, Waelmolo, Waturkana, Wasamburu na Warendile, nami nikaandika majina mpaka adhuhuri.

Ngozi ile ilitufikisha mpaka Maralal tena. Fundi aliyetia springi mpya alijaribu kuifungua akashindwa, ikambidi kuikata kwa msumeno wa chuma. Kifuniko cha tangi hakikubadilishwa. Mzee alikataa kabisa, mpaka aletewe kingine chenye tundu, na akionyeshwe kwanza kwa macho yake.